Kinyume cha kuzika

Kiswahili ni hodari wa kutendua. Ulichokifunga unakifungua, ulichokikunja unakikunjua, mzigo ulioupakia unaupakua, mtego ulioutega unautegua. Irabu moja inapenya mwishoni mwa kitenzi, na kazi iliyokwisha inarudi ilikotoka. Kwa njia hiyohiyo, shimo ulilolifukia unalifukua. Sasa kichukue kitenzi zika ukifanyie vivyo hivyo. Sarufi haina pingamizi na zikua, lakini neno hilo hulisikii msibani, mahakamani wala mgodini. Watu wanasema wamefukua kaburi, wamefukua mwili, wametoa maiti. Kuzika wamekuacha bila kinyume, na nadhani wanajua wanachokifanya.

Fukia ni kazi ya koleo: shimo lilikuwepo, udongo umerudi, basi. Hata ukuta ukiporomoka unaweza kufukia. Tarehe 27 Juni 2019, kuta za shimo la KOV katika eneo la kampuni ya Kamoto, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, Katanga, nchini Kongo, ziliwaangukia wachimbaji wadogo walioingia kutafuta madini. Hesabu ya serikali ilitaja vifo visivyopungua 43. Mtu yeyote anayesema Kiswahili, awe wa Kolwezi au wa Tanga, atasema walifukiwa na kifusi. Hatasema walizikwa. Miili iliyopatikana ilibidi ifukuliwe kwanza ndipo izikwe. Walikuwa wamekwisha kuwa ndani ya ardhi, na ikalazimu watolewe ndipo warudishwe humo kwa heshima yao. Koleo lilikuwa lilelile na udongo uleule, ila mara ya pili palikuwa na jina, sala, na watu wa kilio, kama wanavyouita msiba huko Katanga.

Mpaka huu kati ya vitenzi viwili unajaribiwa vizuri na mnyama. Mnyama akifa anaitwa mzoga, na neno hilo linamtoa papo hapo katika ngeli ya viumbe: mzoga umeoza, mzoga umetupwa, mzoga umefukiwa. Lakini huko Kentucky, Marekani, katika mashamba ya farasi wa mbio yanayouzunguka mji wa Lexington, farasi mashuhuri wana makaburi yenye mawe na majina. Desturi ya wafugaji wengi wa huko ni kuzika kichwa, moyo na kwato peke yake; kuzikwa mwili mzima ni heshima ya wachache, kama Secretariat aliyekufa mwaka 1989. Katika shamba la Hamburg Place, John Madden alianzisha makaburi ya farasi wake kwa kumzika Nancy Hanks, jike aliyetikisa viwanja vya mbio za mkokoteni. Mji ulipopanuka na maduka makubwa yakalifikia shamba, makaburi hayo yakahamishwa kupisha ujenzi. Man o' War naye, aliyekufa mwaka 1947 na kuzikwa katika shamba la Faraway, baadaye alihamishiwa kwenye bustani ya farasi ya jimbo, chini ya sanamu yake.

Je, farasi hao walifukiwa au walizikwa? Mwandishi wa habari za michezo ataandika walizikwa bila kusita, na wasomaji hawatamlalamikia. Kwa hiyo zika haiulizi aina ya kiumbe, wala haipimi kiasi cha nyama kilichoingia shimoni. Inauliza kama kuna anayesimama pale akasema: huyu ni wetu, na tunajua alipo.

Methali inalithibitisha hilo. Mzika pembe ndiye mzua pembe. Kwa kawaida tunaitumia kumwambia mtu kwamba siri anaijua mwenyewe aliyeificha. Tuichukue kwa maneno yake yenyewe. Pembe ya ndovu haikufukiwa, ilizikwa, kwa sababu aliyeiweka ardhini ana nia nayo. Na kinyume kimepatikana, zua, kitenzi ambacho siku hizi tumekiachia fitina na taharuki. Tena kimekuja na sharti: mwenye kuzua ni yuleyule aliyezika. Kufukua anaweza yeyote mwenye koleo, hata fisi. Kuzua ni haki ya mwenye kuzika.

Haki hiyo ina uzito wa pekee katika ukanda wa shaba wa Lualaba. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kwa sababu ya kilichomo chini yake, na mpaka leo mji na machimbo vimekaa bega kwa bega. Shaba ilikuwa na nguvu kiasi kwamba kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakuta kobalti, na haukupita muda watu wakawa wanachimba uani na hata chini ya sakafu za vyumba vyao. Katika mtaa wa Cité Gécamines, mgodi wa wazi wa COMMUS umepanuka hadi milangoni mwa watu, na familia zimelazimika kuondoka. Mwamba wa madini haujui ukuta wa nyumba, na hauna sababu ya kuujua ukuta wa makaburi.

Sheria inaujua. Kanuni ya Madini ya Kongo, iliyotungwa mwaka 2002 na kurekebishwa 2018, inasema katika kifungu cha 279 kwamba mwenye haki ya kuchimba haruhusiwi kukalia ardhi iliyotengwa kwa makaburi, isipokuwa kwa idhini ya mamlaka husika. Hilo isipokuwa ndilo mlango. Likishafunguliwa, swali la kama makaburi yataguswa linakuwa limekwisha, na yanabaki maswali ya namna gani, na nani, na kwa gharama ya nani. Hapo ndipo istilahi zinaanza kufanya kazi, na mara nyingine kufanya ujanja.

Kanuni za utekelezaji za mwaka 2018 zina kiambatisho kizima kuhusu watu wanaoondolewa na migodi, na neno lake la kwanza ni délocalisation. Kifaransa cha kawaida hulitumia neno hilo kiwanda kinapofungwa Ulaya na kufunguliwa kwenye vibarua wa bei nafuu. Mitaani Kolwezi limevaa viambishi vya Kiswahili na kuwa kitenzi cha kila siku: balitudelokalize, yaani walituondoa. Wanaolisema wanalisema kama malalamiko, jambo ambalo nina hakika waandishi wa kanuni hawakulikusudia.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote la Kiswahili cha Katanga ni kutosha. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa balitosha makaburi, atadhani makaburi yalifika idadi iliyotakiwa. Kumbe huko kutosha ni kuondoa. Na ukilitazama kwa makini, mantiki yake ni safi: kama shuka inazaa shusha, amka inazaa amsha, waka inazaa washa, basi toka inazaa tosha. Tosha ni kumfanya mwingine atoke. Neno halifichi kitu. Kuna aliyetolewa, na kuna aliyemtoa.

Lilinganishe na neno la maofisini, kuhamisha makaburi, ambalo ndilo utalikuta katika matangazo ya serikali za Afrika Mashariki. Hamisha nayo ni kauli ya kutendesha, lakini imezaliwa na hama, na hama ina hiari ndani yake. Anayehama ana miguu, amefunga virago, ameaga majirani. Kaburi halina virago. Isitoshe, kaburi ni mahali: ni shimo na udongo wake, mti uliopandwa kichwani, njia ambayo wajukuu waliizoea. Mahali hapahami. Kinachohama ni kilichokuwa ndani, na mara nyingi hata hicho hakiji chote.

Hicho kilichokuwa ndani nacho kina jina la kiofisi, mabaki. Sina ugomvi na daktari anayelitumia, maana anahitaji neno la mifupa isiyojulikana ni ya nani. Ugomvi wangu ni pale neno linapoandikwa kwa watu wenye majina. Marehemu alizikwa, bibi alizikwa, hata maiti tunasema alizikwa. Ukiandika mabaki, papo hapo upatanisho unageuka: mabaki yalifukuliwa, yalipakiwa, yalisafirishwa. Mtu ametoka katika ngeli ya a na wa akaingia katika ngeli moja na mabaki ya chakula, bila mtu yeyote kutia saini. Sentensi moja ya sarufi imemtosha, kwa maana ya Katanga.

Kuna makaburi ambayo wazikaji wake hawapo tena, na hapo Kiswahili kinastahili kitenzi kingine. Mto Lualaba unaposhuka kuelekea bonde la Upemba, kwenye Ziwa Kisale, kuna Sanga, mojawapo ya makaburi ya kale yanayojulikana sana Afrika ya Kati. Mwanaakiolojia Jacques Nenquin alichimba hapo mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka uliofuata, na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Katika makaburi ya takribani karne ya 14 hadi ya 18, walikuta wafu waliozikwa na misalaba ya shaba. Ya mwanzo ni mikubwa, mmoja mmoja juu ya kifua. Ya baadaye ni midogo na mingi, mikononi na kiunoni, na wataalamu wanaona kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Shaba hiyo ilitoka kusini, katika ukanda huuhuu wa machimbo. Zamani madini yalitolewa ardhini kwenda kuwapa heshima wafu. Leo wafu wanatolewa ardhini kupisha madini. Kazi ya akina Nenquin ningeiita kuchimbua. Ni kufukua kwa kalamu, kipimo na mchoro, ili kijulikane kilichokuwepo. Si kuzua, maana hawakuwa wazikaji. Lakini si kufukua kwa mtu mwenye haraka pia.

Haraka ya aina mbaya kuliko zote Katanga iliiona mwaka 1961. Usiku wa tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Walifukiwa palepale. Wakafukuliwa, wakapelekwa mbali upande wa Kasenga, wakafukiwa tena, wakafukuliwa tena, na mwisho polisi wa Kibelgiji Gerard Soete na mwenzake wakaiyeyusha miili kwa asidi. Hesabu vitenzi katika habari hiyo: fukia, fukua, peleka, fukia, fukua, yeyusha. Zika haimo. Iliingia miaka 61 baadaye. Jino moja la Lumumba ambalo Soete alikuwa amelihifadhi lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, jeneza likazungushwa nchini Kongo hadi Shilatembo alikouawa, na tarehe 30 Juni likawekwa Kinshasa. Hakuna Mkongo aliyesema kwamba jino limefukiwa. Walimzika Lumumba, na upatanisho ulikuwa wa a: alizikwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba haya ni mabishano ya walimu wa lugha, nitamwonyesha sheria moja ya Tanzania. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 inaweka mpaka wa fidia: gharama za haki za kuondoa, kusafirisha, kusimika upya na kuzika upya, pamoja na matambiko au ibada yoyote ya kutuliza na kutoa kafara. Unaweza kuilaumu kwa ubahili, maana haimlipi mtu kwa uchungu wake. Lakini usiidharau orodha yake. Aliyeiandika alitambua kwamba neno moja, kuhamisha, limebeba kazi nne au tano tofauti, na kwamba tambiko lisipotajwa, ng'ombe au mbuzi wake atatoka mfukoni mwa mfiwa. Katika karatasi za fidia, kisichotajwa hakilipwi.

Ndiyo maana ningependa tangazo linalobandikwa Kolwezi au kokote penye mgodi lisitosheke na kuhamisha makaburi. Liseme kwanza kutambua: kila kaburi liandikiwe jina la aliyemo na la anayemdai, na lisilo na mdai liandikwe hivyo. Kisha kuridhia, jambo ambalo wazikaji wanaweza kulikataa. Kisha kufukua, kwa mkono wao au mbele ya macho yao. Kisha kumsafirisha, na si kuyasafirisha. Kisha kuzika upya, pamoja na kilio chake, kwa kuwa mara ya pili nayo ni msiba. Na mwisho kutunza: nani atafyeka majani ya makaburi mapya miaka ishirini ijayo, wakati shaba imekwisha na kampuni imefunga hesabu zake?

Maneno sita yanachukua nafasi zaidi kuliko mawili, na kila moja linadai mstari wake katika bajeti. Kampuni italalamika kwamba orodha ni ndefu. Ni ndefu kwa sababu kazi yenyewe ni ndefu, na mpaka sasa sehemu kubwa ya gharama yake imekuwa ikilipwa na wafiwa.