Kung'oa na Kuziba

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa jino bovu, kung'oa na kuziba, lakini watu wengi wa rika langu vijijini tulikua tukikijua kimoja tu. Mtu akisema anakwenda kwa daktari wa meno, hakuna aliyemwuliza anakwenda kufanywa nini. Aliulizwa kama ni la juu au la chini. Nilipoanza kufundisha katika chuo cha ualimu nilikuta wanachuo wa miaka ishirini na kitu wenye mapengo ya wazee, na kila pengo lilikuwa na kisa kile kile: jino liliuma, zahanati ikawa na koleo, mambo yakaisha hapo.

Kung'oa kwahitaji mkono wenye nguvu na moyo mgumu kidogo. Kuziba kwahitaji shule. Kwa hiyo historia ya jino lililozibwa, nionavyo mimi, ni historia ya mafunzo, na ndiyo sababu mtu wa ualimu kama mimi ameifuatilia kwa miaka mingi bila kuchoka.

Kwanza ilibidi siri ife. Huko Ulaya ya zamani meno yalishughulikiwa na vinyozi na watu wa magulioni waliong'oa hadharani mbele ya watazamaji. Aliyejua jambo zuri alilificha, maana ndilo lililokuwa riziki yake. Mwaka 1728 Mfaransa mmoja, Pierre Fauchard, alitoa kitabu cha juzuu mbili akaeleza yote aliyoyajua: jinsi ya kusafisha tundu la jino, jinsi ya kulijaza kwa risasi, bati au dhahabu, jinsi ya kutengeneza meno ya bandia. Humo humo alikataa habari ya mdudu wa jino. Dhana hiyo ni ya kale mno, ilikuwako hata Babeli, na mpaka leo nawasikia watu wazima na akili zao wakisema jino lao limeliwa na mdudu. Fauchard hakumwona mdudu huyo, naye aliandika hivyo. Lakini kubwa alilolifanya ni kuandika tu, kwa sababu ufundi usioandikwa hufa na mwenyewe, au huharibika kila unapopita mkono mpya.

Baada ya kitabu, shule. Mwaka 1840 jimbo la Maryland, Marekani, lilitoa hati ya kuanzisha chuo cha upasuaji wa meno mjini Baltimore, cha kwanza cha namna yake duniani. Waasisi wake walikuwa Horace Hayden na Chapin Harris. Mwaka uliofuata walihitimu wanafunzi wawili tu. Nayapenda sana mahafali hayo ya watu wawili! Mmoja wao, Robert Arthur, ndiye ambaye mwaka 1855 aliwaonyesha wenzake kwamba karatasi ya dhahabu ikipashwa moto hugandamana yenyewe kwa yenyewe, hata ukaweza kuijenga ndani ya jino tabaka juu ya tabaka kwa kuigonga taratibu. Kazi hiyo ilidumu kinywani miaka mingi. Ila ilimtaka fundi muda mrefu na uvumilivu, na mgonjwa fedha nyingi.

Wasio na dhahabu waliletewa kitu kingine. Mwaka 1833 ndugu wawili wa jina la Crawcour walifika New York kutoka Ulaya wakiwa na mchanganyiko wa fedha na zebaki, ndiyo amalgamu tunayoijua. Walijaza meno upesi na kwa bei ndogo, tena bila hata kuondoa uozo ndani yake. Meno yakapasuka, yakageuka rangi, yakauma upya. Chama cha kwanza cha madaktari wa meno wa Marekani, kilichoundwa mwaka ule ule wa 1840, kikawataka wanachama wake waahidi kwa maandishi kutotumia amalgamu kabisa. Mabishano yakawa makali, wanachama wakatoka, na kufikia mwaka 1856 chama kikafa. Mimi nasema walikosea mlango. Hakuna aliyekuwa amekaa chini kuipima amalgamu; walitaka kiapo kifanye kazi ya maabara.

Aliyeipima alikuwa mtoto wa shamba. Greene Vardiman Black alizaliwa Illinois mwaka 1836, akapata shule kidogo mno, akakaa miezi michache kwa daktari mmoja wa meno kujifunza, kisha akafungua chumba chake katika mji mdogo. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe usiku. Alitengeneza chombo cha kupimia nguvu ya taya linapotafuna. Alichukua amalgamu za kila namna akapima zinavyotanuka na kusinyaa, na miaka ya 1895 na 1896 akatangaza ni kiasi gani cha fedha, bati na madini mengine kinachofaa ili kitu hicho kitulie ndani ya jino. Ugomvi ambao viapo havikuumaliza ukapoa kwa vipimo. Aliyagawa matundu ya meno katika madaraja kufuata mahali yanapoanzia, mgawanyo ambao wanafunzi wa udaktari wa meno wanaujifunza hata leo. Mwaka 1897 alikuwa mkuu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, na kitabu chake kikubwa kilitoka 1908. Shule hiyo ilifungwa 2001. Madaraja yake hayajafungwa.

Kuna habari moja ya Black ambayo nilikuwa nikiwasimulia wanachuo wangu kila mwaka. Mwaka 1901 kijana aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, Frederick McKay, alianza kazi Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Alifungua vitabu vyake vyote. Hakuna kilicholitaja jambo hilo. Akaendelea kuuliza kwa miaka, mpaka akamvuta Black mwenyewe, aliyefika huko 1909 akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, mwenye sifa zote, na kuanza kujifunza upya kama mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Walishangaa kuona kwamba meno hayo mabaya ya sura hayakuoza ovyo. Black alifariki 1915 bila kujua sababu. Ilijulikana 1931: floraidi nyingi katika maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yanapojengwa. Msomaji wa Arusha au Meru anajua ninachosema. Pale Maji ya Chai watu wameishi na rangi hiyo vizazi na vizazi, na nimekuwa na wanachuo kutoka huko waliocheka huku wamefunika midomo, wakidhaniwa na wenzao kuwa hawapigi mswaki. Darasa langu lilikaa kimya nilipowaeleza kwamba jibu la meno yao lilitafutwa na mzee wa Chicago aliyekataa kustaafu kusoma.

Lakini Black aliacha pia mzigo. Alifundisha kwamba tundu lipanuliwe hadi sehemu ya jino inayosafishika kwa urahisi, ili uozo usirudi. Kwa vifaa vya wakati wake ilikuwa na maana, ila jino zima lilikatwa kwa ajili ya jino bovu, na kukata kulidai mashine. Mwaka 1871 ikapatikana kekee ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Mwaka 1957 ikaingia sokoni ile ya hewa, inayozunguka kiasi cha mara 300,000 kwa dakika. Sasa kuziba jino kukahitaji umeme, maji safi ya bomba, kiti, taa, na fundi wa kuvitengeneza vyote hivyo.

Hapo ndipo sisi tulipoingia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, mwaka 1979. Vijana walisomeshwa vizuri. Kisha wakapelekwa mikoani, ambako kiti kilikuwapo na umeme haukuwapo, au umeme ulikuwapo na kekee imekufa, na kipuri chake kiko ng'ambo. Daktari aliyesoma miaka mitano juu ya kuokoa jino akashika koleo kama aliyemtangulia.

Katikati ya miaka ya 1980, chini ya mpango wa shule hiyo ya meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walijaribu jambo ambalo wengi walilicheka: kuacha mashine kabisa. Mgonjwa analazwa juu ya meza ya darasani. Kwa chombo cha mkono chenye makali mlango wa tundu unapanuliwa kidogo, na kwa kijiko kidogo cha chuma uozo laini unakwanguliwa. Sehemu ngumu haiguswi. Kisha tundu linajazwa saruji iliyobuniwa maabara ya serikali London na Wilson na Kent mwishoni mwa miaka ya 1960, inayoshika jino yenyewe na kutoa floraidi polepole, na daktari anaikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Aghalabu hata sindano ya ganzi haihitajiki. Kutoka kwetu njia hiyo ilikwenda kujaribiwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza rasmi.

Wapo waliosema, na nimewasikia kwa masikio yangu, kwamba hiyo ni tiba ya maskini. Mashine kwa wa mjini, kijiko kwa wa kijijini. Shutuma hiyo siichukulii kwa wepesi. Nilikuwa mkufunzi kijana wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto walitakiwa wote waingie shule ifikapo 1977, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Watu waliwaita "walimu wa UPE" kwa kuwabeza. Nilizunguka kuwakagua. Baadhi yao walikuwa walimu bora kuliko waliokaa chuoni. Niliwaona pia waliokauka, na tofauti kwa kawaida haikuwa akili. Waliotembelewa mara kwa mara na mkufunzi, wakaonyeshwa, wakarudiwa tena, walikua. Waliopewa semina moja na cheti, wakaachwa na darasa la watoto 90, walikwisha.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa jino. Huko Thailand, baada ya miaka 3, katika kila meno 100 ya kudumu yaliyozibwa kwa njia hiyo upande mmoja tu, kama 71 yalikuwa bado salama, na yale ya amalgamu 85. Huko Zimbabwe, kwa saruji iliyoboreshwa na watendaji waliokwisha kuielewa kazi, yalifika kama 88. Tena ilionekana wazi kwamba matokeo yalitofautiana kufuata aliyeziba: njia ile ile, saruji ile ile, mikono mbalimbali. Mahali tundu limekula pande mbili au zaidi za jino, hasa meno ya utoto, mambo yamekuwa magumu zaidi, na anayeificha habari hiyo haisaidii njia yenyewe.

Kwa sababu kuondoa mashine hakukuondoa ujuzi, kuliuhamishia vidoleni. Mashine hukata kigumu na laini bila kubagua. Kijiko hudai mtu anayejua kwa kugusa wapi uozo unaishia, anayejua kuchanganya unga na maji yake kwa kipimo, maana ikizidi majimaji italika na ikizidi ukavu haitashika, na anayeweza kulizuia mate kwa pamba dakika zote hizo katika kinywa cha mtoto anayeogopa. Siku zote nimeshikilia kwamba mwalimu aliyefundwa vizuri kuliko wote apewe darasa la kwanza, nami nimepingwa sana kwenye vikao. Kwenye meno sioni kwa nini niseme vingine.

Siku hizi wakubwa wa fani yenyewe wamesogea upande huu. Vyuo vya nchi tajiri vinafundisha kukata kidogo iwezekanavyo, na kuacha ndani kabisa tabaka lililolainika kidogo kuliko kuutoboa moyo wa jino. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi zipunguze amalgamu kwa sababu ya zebaki. Mwaka 2021 saruji ile iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muhimbili ina shahada ya uzamili ya urejeshaji wa meno, kwa hiyo mtu anaweza kuhitimu udaktari, akafanya kazi, kisha akarudi darasani miaka mingine kwa ajili ya jino hilo hilo.

Jirani yangu ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya. Nilimwuliza anajuaje kwamba uozo umekwisha. Hakunieleza. Alileta jino lililokwisha kung'olewa, amelisimamisha katika plasta, akanipa kijiko chake kidogo nikwangue. Mwanzoni ilikuwa kama kukwangua boga bichi, likitoka vipande vipande. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mkavu, kama kucha juu ya kifuu.

"Hapo Mwalimu," akasema. "Sasa unaacha."

Aliniambia alikwangua meno ya namna hiyo wiki nyingi kabla hajaruhusiwa kugusa kinywa cha mtu, na kwamba mwalimu wake wa zamani, ambaye naye amestaafu, bado akipita wilayani humwomba amwonyeshe wagonjwa watatu aliowaziba mwaka uliopita.