Namba za sensa zinarukaruka kwenye Arduino? Kagua mambo haya kabla hujanunua nyingine

Umechomeka sensa ya unyevu kwenye ndoo ya mchicha, ukaunganisha pampu ndogo na relei, ukapakia programu. Udongo ni uleule, hakuna aliyegusa kitu, lakini namba zinasoma 480, 512, 467, 530. Relei inalia tak-tak-tak, pampu inawaka na kuzima kila sekunde. Ukiiacha hivyo usiku kucha, asubuhi utakuta relei imekufa au mchicha umezama.

Wengi hapo wanalaumu sensa na kukimbilia dukani. Subiri kwanza. Mara nyingi sensa haina kosa, shida iko kwenye waya, umeme au programu.

Kwanza, elewa namba zenyewe

Arduino Uno inapima volti kwa kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Kwa kawaida inajilinganisha na volti 5 za bodi, kwa hiyo hatua moja ni kama milivolti 4.9. Namba ikicheza kwa hatua moja au mbili, hiyo ni hali ya kawaida, usihangaike nayo. Ikicheza kwa 20, 50 au 100, hapo kuna jambo.

Jaribio la dakika mbili

Chomoa sensa kwenye pini ya A0, kisha fanya hivi:

1. Unganisha A0 na GND kwa waya mfupi. Lazima usome 0 au karibu yake.
2. Unganisha A0 na pini ya 3.3V ya Uno. Utegemee kama 675.
3. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5. Upande hasi uende GND, chanya uende A0. Utapata kama 307, au zaidi kidogo kama betri ni mpya.

Namba zikitulia kwenye majaribio yote matatu, bodi yako ni nzima. Tafuta kosa kwenye sensa, waya zake au umeme unaoilisha. Zikiendelea kuruka hata hapo, angalia umeme wa bodi yenyewe.

Kitu kimoja cha kujua: pini ya analogi isiyounganishwa popote haisomi 0. Inaelea, na inasoma namba za ovyo. Ndiyo maana watu huitumia kupata namba za bahati nasibu kwenye programu. Kwa hiyo ukiona namba za ajabu kabisa, shuku kwanza waya uliokatika ndani au uliolegea kwenye bredibodi. Tikisa waya mmoja mmoja huku ukitazama namba.

GND lazima iwe moja

Hili ndilo kosa linalowapata wengi. Sensa inatumia umeme wa chanzo kimoja, bodi inatumia kingine, na GND zao hazijaunganishwa. Volti hupimwa kati ya sehemu mbili. Kama hakuna GND ya pamoja, bodi haina pa kuanzia kupima.

Unganisha GND zote. Ila waya wa GND wa pampu usipitie kwenye GND ya sensa. Uende moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme, maana mkondo mkubwa wa pampu ukipita kwenye waya mwembamba unaisogeza GND ya sensa pia.

Pampu na mota zinachafua umeme

Namba zinaruka pale tu pampu inapowaka? Jibu umeshalipata. Mota ikianza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa, na volti 5 za bodi zinashuka. Kipimo nacho kinayumba.

Ipe pampu chaja au betri yake. Kwa mota ya DC, weka dayodi kama 1N4007 sambamba nayo, upande wenye mstari ukielekea kwenye chanya. Usigeuze, utatengeneza shoti.

Hata bila mota, volti 5 za USB si lazima ziwe 5 kamili. Kwa potenshomita inayolishwa na volti hizohizo haina madhara, maana vyote vinapanda na kushuka pamoja. Lakini kwa sensa ya joto ya LM35, inayotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, jibu litapotoka.

LM35 ina dawa yake. Kwa volti 5, hatua moja ni karibu nusu nyuzi, hivyo namba ikiruka mara moja tu joto nalo linaruka nusu nyuzi. Andika analogReference(INTERNAL) kwenye setup(). Uno itajilinganisha na volti 1.1 za ndani, na hatua moja itakuwa kama sehemu ya kumi ya nyuzi. Tahadhari: usichomeke volti yoyote kwenye pini ya AREF wakati huo, unaweza kuiua bodi.

Waya mrefu ni antena

Waya wa mita tatu kutoka shambani unadaka kelele za umeme wa nyumba. Fupisha waya, uweke mbali na nyaya za umeme mkubwa, na usokote waya wa ishara pamoja na wa GND. Kisha weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya analogi na GND, karibu kabisa na bodi. Ni kitu cha bei ndogo na kinasaidia sana.

Angalia pia rezista. Uno inapenda chanzo chenye ukinzani wa kiloomu 10 au chini. Ukitumia rezista za megaomu moja kugawanya volti za betri, kipimo kitayumba. Na kama unasoma pini kadhaa kwa zamu, soma kila pini mara mbili na uitupe namba ya kwanza.

Unatumia ESP32?

Hapa kuna mtego. Kwenye ESP32 ya kawaida, pini za kundi la ADC2 hazisomeki vizuri Wi-Fi ikiwa imewashwa. Hamia pini za 32 hadi 39. Pia usiingize zaidi ya volti 3.3, na usitegemee usahihi karibu na 0 au karibu na 4095.

Programu iwe ya mwisho

Ukishasafisha waya, ndipo uchukue wastani. Soma mara 16, jumlisha, gawanya kwa 16. Ukitaka kuua kelele za umeme wa gridi wa hetsi 50, sambaza usomaji kwenye milisekunde 20, ambao ni mzunguko mmoja kamili. Kwenye Uno, jumla iweke kwenye long. Aina ya int inaishia 32,767, na usomaji 33 wa namba za juu unatosha kuifurisha hadi ikupe namba hasi.

Na ile relei ya mchicha? Usiipe kikomo kimoja. Ipe viwili. Kwa sensa ambayo namba hupanda udongo ukikauka, washa pampu ikipita 520, zima ikishuka chini ya 440. Katikati hapo isifanye kitu. Namba zako zipate kwa kupima udongo mkavu na uliolowa.

Ukishamaliza yote, rudia jaribio la betri. Betri ikitulia na sensa bado inaruka, sasa nenda dukani bila wasiwasi.