Mpaka Ulioshuka Mlimani: Jinsi Msitu wa Kilimanjaro Ulivyoingia Hifadhini

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipotangazwa mwaka 1973, ilikuwa zaidi hifadhi ya mawe, nyasi na barafu. Mpaka wake uliuzunguka mlima kwenye mwinuko wa mita 2,700 hivi, pale miti mikubwa inapoanza kukoma. Kuanzia hapo hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, kila kitu kikawekwa chini ya ulinzi mkali. Msitu wenyewe, ule mkanda wa kijani unaolala kati ya migomba ya Wachagga na uwanda wa juu, uliachwa nje, isipokuwa vipande sita vyembamba vilivyoshuka hadi chini.

Si kwamba msitu haukuwa na sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikwisha kuutenga mlima kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 1921 utawala wa Waingereza ukautangaza kuwa msitu wa hifadhi. Lakini msitu wa hifadhi na hifadhi ya taifa ni vitu viwili. Katika msitu wa hifadhi mti ni mali ya serikali, na mwenye kibali anaweza kuukata, kuupasua mbao na kwenda zake. Tena serikali yenyewe ilikuwa mkataji mkubwa: huko Kilimanjaro Magharibi na Rongai sehemu za msitu wa asili ziliondolewa, zikapandwa paina na sipresi. Wakulima waliruhusiwa kulima mahindi na viazi kati ya miche hadi miti ikue.

Kilichoitofautisha Kilimanjaro na milima mingine ni Nusu Maili. Kufikia miaka ya 1930 Wachagga walikuwa wamebanwa pande mbili. Juu kulikuwa na mpaka wa msitu wa serikali. Chini, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, kiligawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu, na kahawa na migomba vikajaza kila hatua ya udongo. Ng'ombe alifungwa bandani akiletewa majani. Kuni zitoke wapi? Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, kwenye ukingo wa chini wa msitu, upande wa kusini na mashariki. Ukakabidhiwa kwa Baraza la Wachagga. Humo wananchi walipanda miti, wakapata kuni, nguzo na mbao, na sehemu ya msitu iliyo juu yake ikapumua.

Naona huo ulikuwa mpango wa busara kuliko mingi iliyofuata, ingawa ulitoka kwa wakoloni. Ulikubali jambo ambalo ramani nyingi za uhifadhi hulikwepa: kwamba mtu anayeishi ukingoni mwa msitu atapika leo, na atahitaji kuni leo. Baada ya Uhuru mabaraza ya kimila yalivunjwa, na usimamizi wa ukanda ukahama mikono mara kadhaa kati ya halmashauri na serikali kuu. Palipokuwa na wenyewe pakaanza kukosa mwenyewe.

Juu ya ukanda huo kulikuwa na hazina mbili. Ya kwanza ni maji. Watalii hupiga picha za theluji, lakini mito inayoshuka kwenda Pangani, na mifongo ambayo Wachagga wameichimba kwa vizazi ili kumwagilia vihamba, hulishwa hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Barafu ya kileleni inachangia kidogo sana. Ya pili ni miti ya kamfa, yenye mbao ngumu inayotafutwa sana. Penye mali ya namna hiyo, kibali kimoja huzaa magogo mengi yasiyo na kibali.

Shirika la UNESCO lilipouandikisha mlima kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987, lilieleza pia matumaini yake kwamba Tanzania itaingiza sehemu zaidi za msitu katika hifadhi. Maneno hayo yalikaa makabatini. Kilichoamsha watu ni ndege: mwaka 2001 wataalamu waliupiga picha msitu kutoka angani, na ripoti iliyotolewa mwaka uliofuata ilionyesha wazi ukataji wa miti ya kamfa kwenye miteremko yenye mvua nyingi, tanuri za mkaa na mashamba ndani ya msitu. Ukiwa chini barabarani ungeona ukuta wa majani tu. Kutoka juu, matundu yalionekana.

Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi ukaingizwa katika hifadhi ya taifa. Eneo la hifadhi hiyo, lililokuwa kilomita za mraba 756 hivi, likaongezeka zaidi ya mara mbili. Ulikuwa uamuzi sahihi, tena uliochelewa miaka 32.

Ila mpaka uliposhuka, uliimeza na Nusu Maili.

Chini ya sheria ya hifadhi za taifa, kuokota hata kijiti kikavu bila ruhusa ni kosa. Ukanda uliotengwa kwa ajili ya kuni ukawa mahali ambapo kuni ni jinai. Waliobeba mzigo huo ni wanawake, maana ndio wanaokwenda kukata majani ya ng'ombe na kutafuta kuni. Malalamiko kuhusu askari wa hifadhi yakaenea vijijini, na wabunge wa majimbo ya mlimani wakayafikisha bungeni mara nyingi. Hapo ndipo uhifadhi ulipopoteza watu ambao wangekuwa walinzi wake wa bure.

Na walinzi hao wanahitajika, kwa sababu tangazo la serikali halizimi moto. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameeleza jinsi moto katika ukame ulivyoangamiza misitu ya erika iliyo juu kabisa, ambayo hunasa maji ya ukungu. Oktoba 2020 moto mkubwa ulipolipuka ndani ya hifadhi, wanafunzi na wanakijiji walipanda na matawi mikononi kusaidia kuuzima.

Mwaka 2016 Hemp na wenzake waliripoti kwamba katika bonde moja la mbali mlimani hapo kumesimama mti wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliokwisha kupimwa Afrika. Wakapendekeza bonde hilo nalo lipewe ulinzi wa hifadhi ya taifa. Pendekezo zuri. Ila safari hii wanaochora mpaka waanze kwa kuketi na wenye vihamba vya jirani, wakubaliane kwa maandishi wapi zitatoka kuni na majani, ndipo bikoni zipandwe. Nusu Maili nayo irudishiwe kazi iliyopewa mwaka 1941.