Moto, Udongo na Ufufuo: Historia ya Kuchoma Maiti

Kuchoma maiti ni desturi ya kale, lakini tanuri la kuchomea maiti lina umri wa takriban karne moja na nusu tu. Tangu lilipobuniwa Ulaya, madaktari, maaskofu, mahakimu na koo wamelizozania, kwa kuwa kila upande una jibu lake juu ya kinachobaki mtu anapokufa.

Wagiriki na Warumi wa kale walichoma wafu, na walizika pia. Wakristo wa kwanza walifuata mila ya Kiyahudi ya kuzika, wakingojea siku ya ufufuo, na imani yao ilipoenea Ulaya mioto ya maziko ilizimika. Mwishoni mwa karne ya 8, mfalme Charlemagne aliwawekea Wasaksoni adhabu ya kifo kwa kosa la kuchoma maiti, akiihesabu desturi hiyo kuwa upagani. Uislamu nao unaagiza maiti aoshwe, akafiniwe, asaliwe, kisha alazwe kaburini akielekezwa kibla. Humo ndimo anamosubiri Kiyama, na mwili wake una heshima ileile aliyokuwa nayo akiwa hai. Kwa hiyo hauchomwi.

Kwa Wahindu, moto ndio njia ya kawaida. Roho haifi bali huingia mwili mwingine, na moto huifungua kutoka katika mwili ilioutumia. Hata hivyo, watoto wachanga na watawa walioukana ulimwengu aghalabu huzikwa, kwa kuwa huhesabiwa kuwa hawahitaji kutakaswa kwa moto.

Tanuri lilizaliwa kutokana na hofu ya maradhi. Katika karne ya 19 makaburi ya miji ya Ulaya yalifurika, na madaktari wengi waliamini kwamba mvuke wa vitu vinavyooza ndio unaoleta kipindupindu na homa. Mwaka 1873, Profesa Brunetti wa Padova alionyesha kazi yake ya kuchoma maiti katika maonyesho ya kimataifa ya Vienna. Miongoni mwa walioiona alikuwemo Henry Thompson, daktari mpasuaji wa Malkia Victoria. Mwaka uliofuata alichapisha makala ya kuutetea moto na kuanzisha chama cha kuueneza Uingereza. Hoja zake zilihusu afya na uchumi. Hata majivu aliyahesabia thamani ya mbolea.

Askofu Christopher Wordsworth wa Lincoln alipinga mwaka huohuo, akihofu kwamba moto ungedhoofisha imani ya watu juu ya ufufuo. Lord Shaftesbury, Mkristo mwenye msimamo mkali, hakukubaliana naye: kama moto ungezuia ufufuo, aliuliza, wafia dini waliochomwa wakiwa hai wangekuwa na hali gani?

Chama cha Thompson kilijenga tanuri Woking, kusini-magharibi mwa London, na mwaka 1879 kikalijaribu kwa mzoga wa farasi. Wakazi walilalamika na serikali ikazuia matumizi yake. Njia ilifunguliwa na mtu asiyekuwa wa chama hicho: William Price, daktari wa Wales aliyejiita kuhani wa dini ya kale ya nchi yake. Mnamo Januari 1884, akiwa na umri wa miaka 83, alichoma mwili wa mwanawe mchanga juu ya kilima na kushtakiwa. Jaji James Stephen aliamua kwamba kuchoma maiti si kosa ikiwa hakuwasumbui watu wengine. Mwaka 1885 tanuri la Woking lilipokea mwili wa kwanza wa binadamu, na mwaka 1902 Bunge likapitisha sheria ya kulisimamia jambo hilo.

Nchini Italia mzozo ulikuwa wa kisiasa zaidi. Milan ilianza kutumia tanuri mwaka 1876, na wengi wa watetezi wake walikuwa wafuasi wa Umasoni waliopinga mamlaka ya Papa. Vatikani ilipiga marufuku mwaka 1886. Kanisa halikudai kwamba Mungu hushindwa kuyafufua majivu. Liliona kwamba moto umegeuzwa bendera ya wanaoukana ufufuo. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1963, kwa sharti kwamba mtu asichague moto ili kuyapinga mafundisho. Mwaka 2016 Vatikani iliongeza kuwa majivu yasitawanywe wala kuwekwa nyumbani kwa kawaida, bali yatunzwe mahali patakatifu.

Muda mrefu kabla ya hapo, sayansi ilikuwa imekwishaiacha hoja iliyolizaa tanuri. Katika miaka ya 1880 Robert Koch alionyesha kwamba kipindupindu huletwa na bakteria, na nadharia ya mvuke ikafa. Matumizi ya tanuri yalizidi kukua kwa sababu nyingine, zikiwemo uhaba wa ardhi, gharama, na kupungua kwa nguvu za makanisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, waliochomwa Uingereza walianza kuwazidi waliozikwa.

Hofu ya zamani ilirudi wakati wa Uviko-19. Mwaka 2020 Sri Lanka iliamuru wote waliokufa kwa ugonjwa huo wachomwe, ingawa Shirika la Afya Duniani liliruhusu maziko. Waislamu walilia kwamba dini yao inavunjwa, na amri hiyo ikaondolewa mwaka 2021.

Nchini Kenya, moto uliingia zaidi na Wahindu waliohamia wakati wa ukoloni. Kuzika kwenyewe hakukuwa mila ya wenyeji wote: Wakikuyu wengi waliwaacha wafu wao porini waliwe na fisi, na kaburi lilikuwa heshima ya wachache, hadi wamisionari na serikali ya kikoloni walipolieneza. Kwa Waluo, kaburi katika ardhi ya ukoo humzuia marehemu asirudi kuwasumbua walio hai. Imani hiyo ilisikika mahakamani katika kesi kuhusu mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno, ambayo ukoo wake ulishinda dhidi ya mjane wake mwaka 1987. Hata hivyo, Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005, na mwanamazingira Wangari Maathai akachomwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi, mwaka 2011. Jeneza la Maathai lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.