Meruwari: Hulka ya Maji katika Ladha ya Chaza

Istilahi meruwari imeundwa kwa kufuata neno la Kifaransa teruwari, ambalo wakulima wa mizabibu hulitumia kwa jumla ya udongo, mteremko na hali ya hewa vinavyoupa mvinyo wa mahali fulani ladha yake. Sehemu yenye maana ya ardhi iliondolewa, ikawekwa ile yenye maana ya bahari, ili neno liwafae chaza. Chaza hujigandisha mahali pamoja na kujilisha kwa kuchuja maji, hata ladha yake haitenganishiki na maji yaliyompitia.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko mashariki mwa Amerika Kaskazini, ambako spishi moja, Crassostrea virginica, imeenea kuanzia Kanada hadi Ghuba ya Meksiko, na bado chaza wa Wellfleet, Massachusetts, wamekolea chumvi, ilhali wale wa mto Rappahannock, unaoingia katika ghuba ya Chesapeake, ni wapole na wana utamu. Wala jambo haliishii kwenye chumvi inayoonjwa ulimini: chaza hawezi kujitenga na chumvi ya maji anamoishi, hivyo hulimbikiza asidi amino ndani ya seli zake ili zisinyang'anywe maji, na baadhi ya asidi hizo, kama glisini na glutamati, ndizo zinazokoleza nyama yake.

Huko Marennes-Oléron, Ufaransa, chaza hukamilishiwa ukuaji katika vidimbwi vya udongo mfinyanzi, vingi vikiwa mashamba ya chumvi ya zamani, ambamo mwani mdogo uitwao Haslea ostrearia hutoa rangi ya buluu inayoshika kwenye matamvua ya chaza. Chaza akifunguliwa, matamvua yake huonekana kama pindo la kijani kando ya nyama iliyopauka. Hapo maji yameacha alama inayoonekana hata kabla ya kuonja.

Tafsiri ya haraka ya meruwari ingekuwa "ladha ya bahari", lakini inapotosha, kwani humpeleka msomaji kwenye chumvi peke yake, na tena chaza wengi mashuhuri hutoka katika milango ya mito, maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi, si katika bahari kuu. "Hulka ya maji" inaeleza zaidi, maana hulka ni tabia iliyojengeka ndani ya kitu, na maji yanaweza kuwa ya mto, ya ghuba au ya mikokoni. Hiyo ndiyo istilahi inayostahili kutumiwa, na meruwari ibaki pale tu inapoelezwa asili ya neno.