KUFUNGA KULA NA HEDHI, SEHEMU YA 3: Njaa ya Uholanzi inatufundisha nini?

Mama zangu, swali linalojirudia ni hili: "Nesi, nimeanza kufunga masaa 16 nipunguze tumbo baada ya kujifungua, mbona hedhi imepotea?" Leo twende Uholanzi, mwaka 1944, jibu limelala huko.

Ilikuwa vita ya pili ya dunia. Septemba ile wafanyakazi wa reli waligoma kuwasaidia Washirika. Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi wakalipiza kwa kuzuia chakula kisiende magharibi. Baridi ikawa kali, mifereji ya kupitishia mizigo ikaganda. Mwishoni mwa Novemba, mgao wa mtu mzima Amsterdam ulikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Mwanzoni mwa 1945 ukashuka hadi karibu 500. Watu walikula hadi vitunguu vya maua ya tulip. Takriban watu 20,000 walikufa.

Sasa angalia wanawake. Karibu nusu yao hedhi ilikatika. Miezi tisa baadaye, vyumba vya kujifungulia vikawa vitupu, watoto waliozaliwa walipungua karibu nusu. Mei 1945 nchi ikakombolewa, chakula kikarudi, hedhi zikarudi, na mimba zikaanza kushika tena.

Kumbe miili ile haikuwa imeharibika. Ilikuwa inajilinda. Kubeba mimba na kunyonyesha kunataka chakula kingi, kwa hiyo ubongo huuliza kwanza: kipo? Ukiona hakitoshi, unapunguza ishara zinazotoa homoni ya LH, ile inayolifanya yai litoke. Yai lisipotoka, hedhi inavurugika au inakatika.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Anne Loucks na Jean Thuma, walilipima hili kwa wanawake 29 wenye afya na hedhi ya kawaida. Waliwapunguzia nguvu ya chakula iliyobaki kwa ajili ya mwili, kwa viwango tofauti. Waliopunguziwa sana, ndani ya siku tano tu mpangilio wa LH ukavurugika. Siku tano, jamani!

Simaanishi kwamba kufunga kwa hiari ni sawa na njaa ya vita. Ninachosema ni hiki: mwili hauangalii saa peke yake, unaangalia kama chakula kimetosha. Mwanamke anayefunga na baadaye akala mlo kamili, hayuko sawa na anayeruka chai, akala kachumbari saa nane, akalala na maji ya limao.

Na wewe unayenyonyesha, maziwa yanahitaji takriban kalori 500 za ziada kila siku. Yaani karibu mgao mzima wa mtu mzima wa Amsterdam wakati ule! Hata mfungo wa Ramadhani una ruhusa kwa mjamzito na anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto. Ratiba ya mtandaoni haina hiyo huruma.

Kwa hiyo hedhi ikipotea, pima mimba kwanza. Kumbuka kunyonyesha nako huichelewesha. Kama hunyonyeshi na imefika miezi mitatu, nenda hospitali, maana zipo sababu nyingine kama matatizo ya tezi. Ukifika, mwambie daktari unakula nini na mara ngapi. Usimfiche kwamba unafunga.

Sehemu ya 4 tutaongelea mlo wa mama anayenyonyesha, kwa vyakula vya sokoni kwetu. Mtumie dada yako anayefunga asome hii kabla ya kulala njaa leo.