Madaftari Yasiyosomana: Kumbukumbu za Biashara ya Madini Masisi na Walikale na Vipaumbele vya Utafiti

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha ofisini cha siku hizi, mifumo miwili ya kompyuta husemwa kuwa "inasomana" pale ambapo kilichoandikwa katika mmoja hueleweka na mwingine bila ya karani kukinakili upya. Istilahi hii imepata bahati ya kuundwa kwa kauli ya kutendana. Kusoma kunaweza kufanywa na upande mmoja, bali kusomana hudai pande mbili, na kila upande uwe umekubali kusomwa. Suala hili limeshughulisha watafiti kwingineko kwa muda mrefu. Mwaka 2006 Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo wa vipaumbele vya utafiti kuhusu kusomana kwa mifumo ya makampuni, ukilenga hasa makampuni madogo yanayotaka kufanya kazi pamoja kwa njia ya mtandao.

Makala haya yanalichunguza suala hilo katika mahali ambapo gharama ya kutosomana imekuwa kubwa, yaani wilaya za Masisi na Walikale katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba vipaumbele vya utafiti katika eneo hilo vilipangwa kwa kuanzia kwa mnunuzi wa mwisho badala ya mwandishi wa kwanza, na kwamba historia ya miaka 40 iliyopita inaonyesha udhaifu wa mpangilio huo.

2.0 Kutoka daftari moja hadi mikono mingi

Makampuni ya kikoloni yaliyochimba bati na dhahabu Kivu na Maniema yaliunganishwa mwaka 1976 kuwa kampuni moja, SOMINKI. Katika kipindi hicho swali la kusomana halikuwapo, kwa kuwa aliyechimba, aliyepima na aliyesafirisha aliajiriwa na mwajiri mmoja na kuandika katika daftari moja. Hali hii ilibadilika kwa sababu mbili. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliwafungulia wachimbaji wadogo mlango wa kuchimba na kuuza madini kihalali. Kisha, Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati lilifilisika na bei ya bati ikaporomoka. SOMINKI ilidhoofika mwaka hadi mwaka, na mwaka 1997 ikavunjwa. Mahali pake ikaundwa SAKIMA, kampuni iliyorithi vibali vya ardhi lakini haikurithi uwezo wa kuchimba.

Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilikuta kazi ya migodini imekwisha kuwa ya watu binafsi. Bei ya koltani ilipopanda kwa ghafla mwaka 2000, vilima vya Masisi vilijaa wachimbaji. Novemba mwaka huo utawala wa waasi wa RCD mjini Goma ulitoa ukiritimba wa kuuza koltani nje kwa kampuni ya SOMIGL, ukiritimba ambao ulikufa mwaka uliofuata. Hilo lilikuwa jaribio la kurudisha daftari moja kwa amri, na kusudi lake halikuwa kujua madini yametoka wapi bali kukusanya ushuru mahali pamoja.

Huko Walikale, kaseterite, yaani mawe ya bati, ilianza kuchimbwa Bisie yapata mwaka 2002. Wapagazi waliibeba mgongoni kwa njia ya msituni hadi Njingala, kandokando ya barabara. Kutoka hapo ilipelekwa kwa gari hadi Kilambo, ambapo ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe na kuipeleka Goma. Katika safari hiyo mzigo ulipita vizuizi vingi, na kila kizuizi kilikuwa na hesabu yake. Kwa miaka kadhaa hadi 2009 mgodi ulikuwa mikononi mwa brigedi ya 85, ambayo ilitoza kodi bila ya idhini ya sheria. Hesabu zilikuwapo tele, basi. Kilichokosekana ni hesabu moja iliyoweza kulinganishwa na nyingine.

3.0 Lebo, cheti na rangi

Mwaka 2010 mambo manne yalitokea kwa karibu. Julai, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyosajiliwa katika soko la hisa yaeleze kama bati, tantali, volframu na dhahabu yao imetoka Kongo au nchi jirani. Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, amri iliyodumu hadi Machi 2011. Desemba, wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walitia sahihi Azimio la Lusaka, lenye nyenzo sita, zikiwamo cheti cha kanda na hifadhidata ya kanda. Wakati huohuo chama cha viwanda vya bati kilikuwa kikijaribu mpango wa iTSCi, unaofuatilia magunia kwa lebo zenye namba.

Utaratibu wa iTSCi ni rahisi kuueleza. Gunia hufungwa lebo ya kwanza karibu na shimo, mbele ya ofisa wa idara ya wachimbaji wadogo, ambayo ilianzishwa mwaka 2003 kwa jina la SAESSCAM na kuitwa SAEMAPE tangu 2017. Likifika kwa mfanyabiashara wa kati hufungwa lebo ya pili mbele ya ofisa wa Idara ya Migodi. Namba, uzito na tarehe huandikwa kwa kalamu daftarini, na baadaye kurasa hizo huingizwa katika kompyuta. Rubaya, katika Masisi, iliingia katika mpango huu mwaka 2014.

Juu ya lebo kulikuwa na rangi. Tume za pamoja za serikali na wadau zilikagua migodi, kisha waziri akaitangaza kuwa ya kijani, ya manjano au nyekundu. Juu ya rangi kulikuwa na cheti cha kanda, ambacho Kongo na Rwanda zilianza kukitoa mwaka 2013. Ikumbukwe kwamba cheti kilitangulia, ilhali hifadhidata ya kanda, ambayo ingewezesha nchi moja kulinganisha hesabu zake na za jirani, ilibaki nyuma. Karatasi ya kumridhisha mnunuzi ilipatikana kabla ya chombo cha kuihakiki.

4.0 Kilima kimoja, mifumo miwili

Athari za mpangilio huo zilionekana waziwazi Rubaya. Migodi ya Bibatama, Luwowo na Gakombe ilikuwamo katika kibali cha kampuni ya SMB, lakini wachimbaji wake walikuwa wanachama wa ushirika wa COOPERAMMA. Mwaka 2013 pande hizo mbili zilitia sahihi mapatano: ushirika uchimbe, kampuni inunue. Jirani yake kuna kibali cha SAKIMA, ambacho nacho kilichimbwa na wachimbaji wadogo. Ilipofika mwaka 2019 SMB ilikuwa imeiacha iTSCi na kuchukua mfumo wa RCS Global, wakati upande wa SAKIMA ulibaki na lebo za iTSCi.

Hivyo watu waliokaa mji mmoja walitenganishwa na mifumo miwili isiyosomana. Gunia lililochimbwa upande mmoja liliweza kuvuka usiku na kupata lebo upande wa pili, na hakuna mfumo uliokuwa na namna ya kujua kwamba mwenzake amepungukiwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliueleza uhamishaji huo katika taarifa zao. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa taarifa kali dhidi ya iTSCi, ambayo iTSCi iliikanusha. Oktoba mwaka huo Responsible Minerals Initiative, muungano wa wanunuzi wakubwa, uliacha kuitambua.

Mwishoni mwa Aprili 2024 kundi la M23 liliiteka Rubaya. Kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, kundi hilo liliweka idara yake ya madini, likatoa vibali kwa wachimbaji na wafanyabiashara, na kukusanya kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi. Kwa hiyo daftari la tatu likafunguliwa juu ya kilima kilekile. Februari 2025 serikali ya Kinshasa iliitia alama nyekundu migodi kadhaa ya Masisi na ya Kalehe.

Walikale ilikwenda njia nyingine. Bisie ilipewa kampuni ya Alphamin, ambayo ilianza kuzalisha bati kwa mitambo mwaka 2019. Daftari moja likarudi, kama enzi za SOMINKI, ila bila ya wachimbaji wadogo. Hata hivyo umoja wa hesabu haukuzuia vita: Machi 2025 kampuni ilisimamisha kazi M23 ilipokaribia, na ilirejea Aprili baada ya kundi hilo kuondoka mjini Walikale.

5.0 Vipaumbele vinavyodaiwa na historia hii

Kutokana na maelezo haya, utafiti wa mifumo inayosomana katika eneo hili unapaswa kupangwa upya kwa mambo manne.

(a) Majina ya mahali. Njingala huandikwa pia Ndjingala, kwa kufuata tahajia ya Kifaransa. Msomaji hutambua kwamba ni mji mmoja. Kompyuta huona miji miwili. Shirika la IPIS limechora ramani za migodi ya mashariki ya Kongo tangu 2009, na kazi hiyo inahitaji kukamilishwa na wanaisimu, kwa kuwa jina la shimo huweza kutoka katika Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili.

(b) Kipimo cha kwanza. Mawe mabichi hupungua uzito yakikauka na kusafishwa, na bei ya koltani hutegemea kiasi cha tantali kilichomo, ambacho mchimbaji hana chombo cha kukipima. Pengo kati ya lebo ya kwanza na ya pili laweza kuwa maji, laweza kuwa wizi. Bila ya kanuni ya kulieleza pengo hilo, mifumo miwili ikisomana itabadilishana makosa tu.

(c) Haki ya kusoma. Kampuni huficha hesabu zake kwa mshindani, na serikali kwa jirani. Ni lazima ichunguzwe ni tarakimu gani chache zinazotosha kugundua gunia lililohama, bila ya kufichua biashara yote ya mtu.

(d) Lugha ya fomu. Daftari huandikwa kwa Kifaransa, lakini mapatano ya bei shimoni huendeshwa kwa Kiswahili na lugha za wenyeji. Mchimbaji asiyeweza kusoma mstari unaomhusu hawezi kuupinga. Huyo ndiye msomaji aliyesahauliwa tangu mwanzo, naye ndiye shahidi pekee aliyekuwapo gunia lilipojazwa.

6.0 Hitimisho

Yawezekana kudai kwamba mahali penye bunduki hakuna mfumo wa kumbukumbu utakaofaa. Dai hilo lina uzito, na yaliyotokea Rubaya mwaka 2024 yanalitia nguvu. Lakini mgawanyiko wa madaftari ulitangulia kutekwa kwa mji kwa miaka mitano, na magunia yalikwisha kuzoea kuhama kabla ya M23 kufika. Amani ikirudi itakuta vibali vilevile, mipaka ileile na mashimo yaleyale. Kazi ya watafiti ni kuhakikisha kwamba siku hiyo haikuti pia madaftari yaleyale.